Jinsi ya Kuchagua Kalibu ya Gobore na Kubaki Mtu Huru

Una gobore darini. Usikatae, tuko wawili tu hapa. Ulilirithi kwa babu, au ulilinunua kwa mtu ambaye jina lake hulitaji, na sasa unaulizia kimyakimya, kuanzia Nyakanazi mpaka Rusumo, ni nani mwenye kalibu ya kusubia risasi. Umefika pazuri. Nitakuonyesha namna ya kupata kalibu ya kujivunia, kalibu ambayo wenzako wataomba waishike kidogo. Sifa unayoitafuta utaipata, hilo nakuahidi. Ila fuata hatua zote bila kuruka. Njia za mkato nimeshakuwekea mwenyewe humo ndani.

Hatua ya kwanza: lijue gobore lako

Gobore hushindiliwa kwa mdomoni, na mtutu wake hauna mifuo ndani. Kwa hiyo risasi yake ni kidonge cha mviringo, na kidonge hicho lazima kiwe chembamba kuliko tundu la mtutu, la sivyo mdeki hautakisukuma mpaka chini. Wanajeshi wa Uingereza walitumia bunduki ya namna hii kwa zaidi ya miaka mia, ile iitwayo Brown Bess. Tundu lake lilikuwa na upana wa inchi 0.75, na kidonge chake inchi 0.69. Pengo hilo lilifanya kidonge kiingie haraka. Lilifanya pia kitoke kikigonga huku na huku ndani ya mtutu, kikaenda kilikotaka chenyewe. Ukivuka hatua mia, mpigaji alikuwa anabahatisha.

Lishike hilo, litakufaa maisha yako yote. Kama himaya yenye viwanda na makoloni ilikubali kukosa shabaha, wewe wa Nyamiaga au Nyakahura huna sababu ya kuona haya. Mtu akikuuliza kwa nini hujawahi kuangusha hata digidigi, mjibu kwa utulivu kwamba tatizo ni pengo kati ya kidonge na mtutu. Huna haja ya kuongeza neno. Umesema kweli, na umeonekana mtaalamu.

Usisahau na historia, maana gobore bila historia ni bomba tu. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita katika nchi hii ya Biharamulo, wakati huo ikiitwa Usui, wakielekea Karagwe kwa mfalme Rumanika. Walikuwa na watu wao wa kutoka Unguja waliobeba bunduki, na mbele yao mtu maarufu wa misafara, Sidi Mubarak Bombay. Mtawala wa Usui, ambaye Speke anamwita Suwarora, aliwatoza hongo ya vitambaa na nyaya za shaba mpaka wakalalamika. Bunduki zote zile hazikuwasaidia kitu. Suwarora alichofanya ni kuwacheleweshea ruhusa ya kupita, siku baada ya siku, na wao wakalipa. Simulia hiki kisa kila unapopata nafasi. Kinaonyesha kwamba mtu wa huku alijua kuishinda bunduki kwa subira kabla babu yako hajaigusa.

Halafu ukiulizwa kwa nini silaha ya zamani namna hii ilidumu sana Afrika, taja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa na zenye mifuo zisiuzwe kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara hili. Zilizoruhusiwa, tena kwa masharti, ni zile za gumegume zisizo na mifuo. Yaani walituachia zile zinazokosa shabaha. Wahunzi wetu wakapokea ufundi kutoka hapo, na magobore mengi ya leo yametokana na bomba la maji na mbao ya msituni.

Hatua ya pili: pima mtutu, halafu ukate tamaa mapema

Chukua rula, pima upana wa tundu. Sasa geuza rula upande mwingine upime tena. Kama mtutu wako ni wa bomba, vipimo viwili havitalingana, na ukiweza kupima katikati utapata cha tatu. Hakuna kalibu duniani inayotoa kidonge kinachofaa vipimo vitatu. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha: wanabadilisha kalibu mara nne wakati ubovu uko kwenye bomba.

Lakini usionyeshe huzuni. Badala yake waeleze watu jinsi ukubwa wa bunduki za zamani ulivyohesabiwa. Ilikuwa hivi: unachukua ratili moja ya madini ya risasi, kama gramu 454, unaigawa katika vidonge vilivyo sawa. Ikitoa vidonge 12 vinavyoenea tundu la bunduki, bunduki hiyo ni namba 12. Kila kidonge ni gramu 38 hivi, na upana wake ni milimita 18.5. Shotgani za leo bado zinaitwa kwa hesabu hiyohiyo. Waliowinda tembo karne ya 19 walikuwa na bunduki namba 4, yaani vidonge vinne tu kwa ratili, kila kimoja karibu milimita 27. Ziweke namba hizi akilini, hasa hiyo ya mwisho. Tutaihitaji.

Wapo watakaokwambia uachane na kalibu kabisa, utumie goroli za chuma au vipande vya nondo. Wasikilize kwa heshima, kisha usiwafuate. Madini ya risasi ni laini na hukubali kubonyea. Chuma hakibonyei. Kikikwama ndani ya bomba lenye kiungo dhaifu, kinachopasuka ni bomba, na bomba liko karibu na jicho lako na mkono wako wa kushoto. Nimeandika sentensi hiyo bila utani wowote. Kama hukumbuki kitu kingine katika mwongozo huu, kumbuka mkono wa kushoto.

Hatua ya tatu: madini

Hapa natumia muda, kwa sababu hapa ndipo ujanja wa kijijini unapoua bila kelele.

Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa likipulizwa vizuri linalifikia. Ndiyo maana kila mtu anadhani anaweza. Unatafuta betri kuukuu ya gari, unaivunja, unatoa mabamba, unayaweka kwenye kikaango uani. Watoto wanakuja kutazama, maana madini yanayogeuka maji yanapendeza macho. Tone moja la maji likidondokea humo, linageuka mvuke papo hapo na kurusha madini ya moto usoni kwa walio karibu. Hilo utaliona. Usichokiona ni moshi na vumbi, ambavyo huingia mapafuni, hukaa kwenye udongo wa ua, na hurudi mdomoni mwa mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto hudhuru ubongo, na kilichoharibika hakirudi.

Kama unafikiri natia chumvi, uliza Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo, alimwona mtoto wake akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Alipigania kufungwa kwa kiwanda hicho, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Kenya iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hicho kilikuwa kiwanda chenye ukuta na bomba la moshi. Wewe una kikaango ambacho kesho mtu atakisugua akaangie mayai.

Kwa hiyo amri yangu ni fupi: madini ya risasi hayaingii nyumbani kwako. Na bado tutachagua kalibu. Endelea.

Hatua ya nne: tabia za kalibu nzuri

Kalibu nzuri ina nusu mbili zinazokutana bila kuonyesha mwanga katikati. Zishike juu uzielekeze kwenye jua. Ukiona mstari wa mwanga, kila kidonge kitatoka na ukingo kiunoni, na utakuwa na kazi ya kuukwangua. Ina vipini viwili vidogo vinavyoingia kwenye matundu yake, ili nusu zisitelezeane. Ina mdomo wa kumiminia. Na ina mikwaruzo myembamba ya kupitishia hewa, maana hewa isipotoka, kidonge kinatoka na shimo.

Kisha kuna suala la joto, na hili huwatenganisha mafundi na wasemaji. Kalibu baridi hutoa kidonge chenye makunyanzi. Iliyopitiliza joto hutoa kidonge chenye sura ya ukungu. Ndiyo maana vidonge vya kwanza hurudishwa kwenye chungu bila majadiliano. Halafu madini yaliyoyeyuka husinyaa yakipoa, hivyo mdomoni hubaki kishimo. Fundi humimina kupita kiasi kidogo, akaacha kilima juu, akakikata baadaye.

Ukiona kazi hiyo ni nyingi, uvivu wa kweli ulifanywa na William Watts wa Bristol, Uingereza, mwaka 1782. Alipata hataza ya kutengeneza marisau bila kalibu: alidondosha madini yaliyoyeyuka kupitia chujio kutoka juu sana, matone yakawa mviringo yenyewe angani, yakatua kwenye maji. Ilimlazimu kujenga mnara juu ya nyumba yake. Kama una nafasi ya mnara Biharamulo, sawa. Kama huna, turudi kwenye kalibu.

Hatua ya tano: badilisha kitu kinachomiminwa

Huu ndio mkato nilioahidi. Tabia zote nilizozitaja hapo juu zinafanya kazi ileile ukimimina nta ya nyuki. Nusu mbili, vipini, mdomo, hewa, joto, kusinyaa, yote. Tofauti ni kwamba nta huyeyuka kwa nyuzi 62 hadi 64 tu, harufu yake ni nzuri, na haipeleki mtu kortini. Wilaya zetu zina asali, na nta ni ile unayoiacha ikitupwa baada ya kukamua.

Sasa chagua ukubwa. Unakumbuka bunduki ya tembo, namba 4, milimita 27? Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitetemesha pori. Wewe chagua milimita 40. Hakuna gobore, hakuna bunduki ya mzungu wala ya mwarabu aliyepita hapa na msafara, ambayo donge lako litaingia mdomoni mwake. Hiyo ndiyo kinga yako: askari akilikuta, hata akiwa mgeni kazini, ataona kwamba halina bunduki.

Nenda kwa seremala. Mwambie akuchongee nusu mbili za mninga au mbao nyingine ngumu, kila moja na bakuli la nusu duara la upana huo, vijiti viwili vya kulinganisha, na tundu la kumiminia juu. Loweka kalibu kwenye maji kabla ya kumimina, nta isigande kwenye mbao. Usiweke nta juu ya moto moja kwa moja, huwaka. Weka sufuria ndogo ya nta ndani ya sufuria kubwa ya maji. Mimina, acha ipoe, jazia kishimo, fungua. Donge moja lina uzito wa gramu 32 hivi. Kilo moja ya nta inakupa madonge kama 30. La namna hiyohiyo kwa madini ya risasi lingekuwa na gramu 380, karibu mara 12, na ungelibeba kwa aibu.

Madonge hayo yana wateja. Mshona viatu hupaka nta kwenye uzi. Seremala huipaka kwenye msumeno na kwenye skrubu, na wanaotia batiki huitumia kuzuia rangi. Utakuwa na kalibu, utakuwa na chungu, utakuwa na siri za joto na hewa, na utakuwa na fedha kidogo. Gobore halijakupa hata kimoja.

Hatua ya sita: kusimulia

Bila hatua hii hutaridhika, nakujua. Kaa kwenye benchi jioni, pombe ya ndizi ikizunguka, uweke donge moja mezani bila kusema neno. Subiri aulize mmoja. Mwambie umelisubu mwenyewe. Mwambie ukubwa wake unazidi risasi ya bunduki ya tembo ya karne ya 19. Vyote viwili ni kweli. Akikwambia kwamba ni nta, mwulize yeye amesubu nini wiki hii.

Hatua ya saba: shamba

Najua sababu yako nyingine, ile isiyo ya majivuno. Nyani wanamaliza mahindi, nguruwe wanafukua mihogo, na mwaka mwingine anakuja tembo. Hiyo ni njaa ya nyumba yako, na mtu asiyelima hana haki ya kuicheka.

Ila angalia nchi ilivyobadilika. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambako wazee waliingia na magobore na kutoka na nyama, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa kitoweo, hata wa swala mmoja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 haibembelezi, na hukumu za miaka 20 kwa kukutwa na nyara za Serikali si habari ngeni kwetu. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inaligusa gobore sawa na bunduki nyingine, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa peke yake. Hesabu: kilo chache za nyama dhidi ya mtoto wako kukua bila baba mpaka aoe.

Fanya hivi. Kwa nyani na nguruwe, lindeni kwa zamu majirani kwa pamoja, mkiwa na mbwa na debe kuukuu. Tukubaliane ukweli: kazi kubwa ya gobore shambani ilikuwa mlio, na debe lina mlio. Kwa tembo, mwite afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo kabla nyayo hazijafutika, maana kifuta jasho cha mazao yaliyoharibiwa hudaiwa kwa taarifa na ushahidi. Na tundika mizinga ya nyuki ukingoni mwa shamba. Utafiti wa Lucy King huko Kenya umeonyesha kwamba tembo huwakimbia nyuki. Mizinga hufungwa kwenye waya mmoja kuzunguka shamba, tembo akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Haizuii kila tembo kila usiku. Lakini hailipuki usoni mwako, na inakupa asali, na inakupa nta ya hatua ya tano.

Hatua ya mwisho: la darini

Gobore la babu na kalibu yake ya chuma, kama ipo, visitenganishwe. Viondoke pamoja. Septemba na Oktoba 2023 Serikali ilitoa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha wanazomiliki kinyume cha sheria, na ilizipokea kupitia polisi na viongozi wa serikali za mitaa bila kumshitaki aliyeleta. Muulize mtendaji wa kata yako kuhusu msamaha unaofuata, na ukitangazwa nenda siku ya kwanza, usingoje ya mwisho. Vaa vizuri. Peleka mchana, tena ongozana na mwenyekiti wa kijiji, asije mtu akakukuta njiani na kufikiria mengine.

Kabla ya hapo usilichokoe. Baruti nyeusi ikikaa mahali pakavu hudumu miongo mingi na bado huwaka, na babu hakukwambia kama aliliacha limeshindiliwa. Usitazame ndani ya mtutu, usijaribu mtambo, usimwachie mtoto alishushe. Ukimkabidhi askari, elekeza mtutu pasipo na mtu, na sema waziwazi: sijui kama lina kitu ndani.